Miezi Saba Nje ya Kundi

Jumatatu, 3 Machi

Studio tangu asubuhi. Fundi mitambo kasimamisha muziki mara nne. Eti naimba vizuri, ila nasimama pembeni ya wimbo kama mgeni anayengoja kuambiwa akae. Nikacheka. Nikaenda chooni, nikalia kidogo, nikanawa uso, nikarudi.

Kasema kweli. Miaka tisa kundini mimi nilikuwa sauti ya pili. Dada yangu mbele, Kasuku juu, mimi katikati nikishikilia. (Kasuku ni shoga yetu wa tangu utotoni, na jina hilo kalipata kwa domo lake.) Mwezi wa nane nikatoka. Hakuna aliyenifukuza. Nilitaka tu kujisikia nikiwa peke yangu. Haya, nimejisikia!

Jumatano, 5 Machi

Mama kapiga. Siku hizi yeye ndiye posta yetu. "Dada yako anauliza kama lile gauni la bluu unalo wewe." Nikamwambia mwambie ninalo, aje alichukue. "Mwambie mwenyewe! Nimechoka kuwa barua yenye miguu." Kisha akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Uongo.

Siku niliyoaga kundi, Dada hakugomba. Alisema "sawa" tu, akaendelea kukunja nguo za jukwaani. Afadhali angenitukana. Tangu siku hiyo hajaniambia neno.

Ijumaa, 7 Machi

Mabango yametoka. Uzinduzi wa albamu yangu, Jumamosi tarehe 15. Sura yangu peke yake, kubwa kama sinia. Muuza matunda hapo chini kaliangalia bango weee, kisha: "Na wenzako je? Wamekatwa na mkasi?" Wateja wote wakaangua kicheko. Nami nikacheka. Nikanunua ndizi ambazo sikuzitaka.

Kundi nalo lina onyesho siku hiyohiyo. Wao uwanjani. Mimi ukumbi wa viti mia mbili, na meneja wangu anasema waliothibitisha ni arobaini.

Jumapili, 9 Machi

Leo kiitikio. Fundi kataka waitikiaji, nikamwambia ngoja. Nikaimba sehemu yangu. Nikaimba ya juu kama Kasuku. Mwisho nikaimba kama Dada, hata ile pumzi anayoivuta kabla ya mstari wa tatu. Fundi kashtuka: "Huyu umemtoa wapi?"

Akanichezea zote tatu pamoja. Tamu, sikatai. Lakini zamani nikikosea Kasuku alikuwa ananifinya, tunacheka mpaka tunafukuzwa chumbani. Leo nimekosea mara mbili. Kimya. Nikarudia.

Jumanne, 11 Machi

Kasuku kapiga! Mara ya kwanza tangu nitoke. Hakusalimia. "Sauti ya Dada imekatika."

Juzi kwenye mazoezi, wimbo wa pili, kafungua mdomo pakatoka upepo. Kumbe ana miezi sauti inamkwaruza, anaficha kwa tangawizi. Daktari kaona kivimbe kwenye nyuzi za sauti. Wanamfanyia upasuaji keshokutwa, kisha wiki mbili kimya kabisa. Hata kunong'ona marufuku.

Nikauliza kimempata nini. Kasuku kasitasita. "Tangu uondoke anaimba zake na kuziba pengo lako. Tulimwambia tutafute mtu. Alikataa."

Nikakaa sakafuni, simu sikioni.

"Tiketi za uwanja zimekwisha," akasema. "Njoo ushike nafasi yake Jumamosi. Nyimbo zake anazijua nani kama wewe?"

"Na uzinduzi wangu?"

"Wa watu arobaini?" Kisha haraka: "Nisamehe, mwenzangu. Mdomo wangu unaujua."

Nikauliza Dada anasemaje. Hajui kama nimepigiwa.

Kusimama mbele. Jambo lenyewe nililolililia miaka yote—ndilo hili, linakuja kwa mlango wa hospitali.

Jumatano, 12 Machi

Meneja kafoka: nikiahirisha sasa, sina jina tena mjini. Mama kasema, "Usiniulize mimi. Nyote mmetoka tumbo hili." Simu ya Kasuku mara tano. Sijashika hata moja.

Alhamisi, 13 Machi

Mama: upasuaji umekwenda salama. Shukrani kwa Mungu.

Ijumaa, 14 Machi

Saa nane mchana, hospitali. Naandikia hapahapa, kwenye kiti kando ya kitanda chake.

Nilipoingia alikuwa macho. Kavaa miwani. Dada yangu anavaa miwani—tangu lini? Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa. Miezi saba hakutaka kusema nami. Sasa hata akitaka hawezi.

Nikakaa. Nikasema yote kwa mkupuo, kama nitapokonywa kipaza sauti. Kwamba Kasuku kaniita. Kwamba kesho nina onyesho langu. Kwamba sikujua anaimba sehemu yangu—wallahi sikujua. "Nikushikie nafasi kesho, Dada, au niende kwangu? Lolote utakalotaka nitafanya."

Akaashiria kalamu. Muuguzi yuko wodi nyingine, nami karatasi sina ila daftari hili. Nikachana kurasa mbili za nyuma nikampa, na kalamu yangu nzuri. Mimi natumia hii ya kuvuja.

Nilidhani ataandika neno moja. Njoo. Au usije.

Sasa ni dakika ishirini. Karatasi kaifunika kwa mkono kama mwanafunzi anayechelea kuibiwa majibu. Kakata mstari, kaanza upya. Simu yangu inatetemeka mfukoni, sijui ni Kasuku au meneja. Iache itetemeke.

Kageuza ukurasa wa pili. Umejaa nao. Nikanyoosha mkono kuupokea—hanipi. Anaonyesha daftari. Anataka karatasi nyingine.