Kuta Mbili za Njia Panda ya Fossum

Shamba la Tveten,
Fossum, Wisconsin
Jumapili, 16 Juni 1918

Kwa kaka yangu Sverre,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi cha vumbi la mgodini ulichokitaja wakati wa Pasaka kimekuachia. Sisi huku miili yetu ni mizima. Ng'ombe mwenye doa jeupe amezaa ndama jike, majani ya kukata yamefika kiunoni, na mimi nimemaliza shule mwezi uliopita. Mwalimu alisema mbele ya wote kwamba mwandiko wangu ni mzuri kuliko wa mtu yeyote darasani, ila sauti yangu bado hajaisikia. Watu walicheka na kugeuka kunitazama. Unanijua, kaka. Nilitazama viatu vyangu mpaka kengele ikalia.

Barua yako ilifika Jumanne. Baba aliisoma amesimama dirishani, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia ya Mama, akatoka kwenda kukamua. Niliisoma baadaye bila ruhusa yake, unisamehe. Uliandika kwamba mlevi habadiliki, kwamba chupa yake sasa imeua mtoto wa watu, na kwamba hutakuja wakati wa mavuno wala hutaandika tena. Sijui ni nani aliyekupelekea habari hizo huko Montana. Nakuomba usome zangu mpaka mwisho kabla hujaichoma karatasi hii.

Pengine huko pia wameanza kuzipa barabara namba. Hapa serikali ya jimbo imeamua kwamba barabara kuu hazitaitwa tena kwa majina ya watu na makanisa. Kila moja ina namba yake, na namba hiyo inapakwa ndani ya pembetatu kwenye nguzo za simu, kwenye mawe na kwenye kuta, ili hata mgeni asiyemjua mtu aweze kufika kwa kufuata namba tu. Inayopita kwetu ni Namba 27. Watu walilichukulia jambo hili kama mchezo. Mzee Iverson alimwuliza Baba dukani, "Anton, na mimi utanipiga chapa ubavuni kama fahali, au namba zimekwisha?" Baba akamjibu kwamba zimebaki, ila bati lake la kuchapia namba halitoshi kwa tumbo kama lile. Duka zima lilicheka. Ilikuwa siku nyingi sijamsikia Baba akitania.

Maana yeye ndiye aliyepewa kazi ya kupaka kutoka mjini hadi Fossum. Bwana Ruud, mwenyekiti wa barabara hapa kwetu, alimwambia wazi kwamba anampa kwa sababu ana miaka miwili hajaonja pombe, na kwamba asimruhusu mtu mwingine kushika brashi, kwani jimbo linataka kazi ya mtu mmoja anayejulikana. Miaka miwili, kaka. Tangu mwezi ule ulipoondoka wewe. Hukuwahi kuona hata siku moja ya miaka hiyo, na hilo ndilo linaloniuma kuliko maneno yako yote.

Nilikuwa nikienda naye kushika farasi na kubeba mikebe. Nilivaa suruali yako ya zamani ya kazi, nimeikunja chini mara tatu. Alhamisi ile, tarehe kumi na sita Mei, tulifika kwenye njia panda, pale kwenye kiwanda kidogo cha jibini, na goti la Baba likawa limevimba kabisa. Alikaa chini, akaegemea ua, akafunga macho kwa maumivu. Wakati huo ndipo vijana wawili wa Brekke walipopita na gari lao la majani, wakitoka upande wa mjini kuelekea bwawani. Mmoja alipiga mluzi. Mwingine akapaza sauti, "Mzee Anton! Jua halijafika hata utosini, chupa imeshakulaza?" Baba aliinua kofia tu. Wakaenda zao wakicheka.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, Gunhild Aasen alishikwa na uchungu kabla ya wakati wake. Mumewe alipiga simu kutoka dukani kumwita daktari wa mjini. Daktari huyu ni mgeni, ana mwezi mmoja tu huku, naye aliuliza njia. Aasen akamwambia kama walivyoambiwa watu wote waseme: fuata 27, usiulize mtu. Daktari aliifuata mpaka kiwandani. Ukutani, upande unaotazama mjini, chini ya namba, palikuwa na herufi R, ambayo kwa Kiingereza husema pinda kulia. Akapinda kulia. Wewe na mimi tunajua kwamba kulia ni bwawani. Gari lake lilizama kwenye matope mpaka ekseli, na alipofika kwa Gunhild kwa miguu, saa mbili zilikuwa zimepita. Gunhild alipona. Mtoto wake wa kiume hakupumua. Daktari alisema labda asingepumua hata kama yeye angewahi. Alisema labda.

Wenyeji hawakuwa wameona kosa hilo, kwa kuwa hakuna mwenyeji anayesoma ukuta ili afike nyumbani kwake. Lakini Jumapili kila mtu alikwenda kutazama. Herufi zilikuwa zimebadilishana. Ukuta unaotazama mjini ulisema kulia, na ule unaotazama Fossum ulisema kushoto. Vijana wa Brekke wakaeleza walivyomwona Baba amelala chini ya ua mchana kweupe. Mtu mwingine akasema alinusa kitu alipopita karibu naye. Ilikuwa tapentaini ya kuoshea brashi, lakini nani alitaka kusikia?

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Bwana Ruud alimwuliza Baba kama alikunywa. Baba akasema hakunywa. Akaulizwa, sasa ni nani aliyekosea? Akasema kazi alipewa yeye. Akaulizwa tena, akarudia hayo hayo. Basi wakamnyang'anya kazi, na mtu mmoja nyuma akanong'ona kwa nguvu ili asikike, "Bora ya zamani, alikuwa akijiua mwenyewe." Nilikuwa nimesimama pale pale na birika la kahawa. Nilifungua mdomo. Mke wa mchungaji akadhani nataka kumwuliza kama anataka nyongeza, akanisogezea kikombe. Nikamjazia.

Kaka, mkono uliopaka kuta zile ni wangu.

Baba aliniambia aliposhindwa na goti, "Ragna, maliza wewe, una mkono mzuri kuliko wangu." Alipanga yale mabati mawili yaliyokatwa herufi, L ya kushoto juu na R ya kulia chini: la juu nianze nalo, ukuta wa mjini, la chini nimalizie nalo, ukuta wa Fossum. Nilipokuwa nalishika la kwanza nilisikia gari la akina Brekke. Niliwaza juu ya ile suruali yako na vicheko vyao, nikakimbilia nyuma ya kiwanda, upande wa Fossum, na mkebe wangu. Niliwasikia wakimtukana Baba nisitoke. Nikiwasubiri wapite, nikalibandika bati la juu ukutani nikapaka. Walipotokomea nikazunguka mbele, nikapaka lililobaki. Nikarudi nyuma hatua tatu nikajisifu kwamba rangi haikuchuruzika hata tone.

Kama ingekuwa hayo tu, pengine ningeweza kulala. Lakini Ijumaa, nikiwa naanika nguo, glavu ya kulia, glavu ya kushoto, niliona ghafla nilichofanya. Ijumaa, kaka, siku nzima kabla. Nilisimama na pini mdomoni. Nikaona aibu kumwambia Baba kwamba nimeharibu kazi yake ya kwanza ya heshima. Nikajiambia kila mtu anaijua njia. Nikajiambia nitakwenda Jumatatu na mkebe wa rangi, na hakuna atakayejua.

Jana nilikwenda kwa Gunhild Aasen. Nilimwambia yote mlangoni kwake, kwa sauti ndogo mpaka akaniomba nirudie. Aliniuliza jambo moja tu, kama kweli nilijua tangu Ijumaa. Nikasema ndiyo. Akasema leo hana neno la kunipa, niende kwa baba yangu. Akafunga mlango polepole.

Nilimkuta Baba zizini. Nilipoanza, alinikatiza akasema alijua tangu alipouona ukuta, kwa sababu rangi yake yeye huchuruzika siku zote na ile haikuchuruzika. Alisema goti lilikuwa lake, na mimi nilikuwa mtoto niliyetumwa. Ndipo nikamwambia habari ya Ijumaa. Aliweka ndoo chini. Akasema, "Hiyo ya Ijumaa sikuijua." Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Kikao kingine ni Jumatano. Baba amesema atakaa benchi la mbele, ili niwe na uso mmoja wa kutazama nikiongea. Sijui kama Bwana Ruud atamrudishia kazi, na sitaomba hilo. Nitasema tu, na wao waamue.

Kwako nina ombi moja. Mwandikie Baba. Usimwandikie kwa kumhurumia. Mwandikie kwa sababu umemkosea, kama nilivyomkosea mimi. Mimi huna haja ya kunijibu mpaka utakapokuwa tayari.

Barua hii naipeleka posta kesho asubuhi, siku mbili kabla ya kikao, kwa makusudi. Nikifika mbele ya watu sauti ikanikwama tena, nitakuwa nimenyamaza mara ya tatu, baada ya Ijumaa na kikao kile, lakini ukweli wenyewe utakuwa umeshaandikwa na uko njiani kuja kwako.

Baba hajui kama nakuandikia, lakini kila siku anauliza kama posta imepita. Pokea salamu zangu, na ujifunike kifua utokapo mgodini.

Mdogo wako,
Ragna