Ule Mmea wa Dirishani

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo, na hisabati nimepanda hadi nafasi ya nne.

Kamati ya mtaa imeamuru mimea ya kigeni ing'olewe kila nyumba, kwa sababu inaisonga miti ya asili. Ule unaotambaa, ulionipandia dirishani kabla hujaondoka, nao umo kwenye orodha. Nilimwomba mwenyekiti asubiri mpaka urudi, naye akanijibu:

"Binti yangu, huu mwaka wa tatu. Tusubiri hadi lini?"

Basi nikaung'oa mwenyewe, mizizi yote, nikapanda mche wa asili. Usinikasirikie, Baba. Dirisha sasa liko wazi, na nikikaa kitandani naliona geti lote.

Mwanao wa pekee