Mawe Matatu ya Nyuma ya Jiko

Wifi yangu Damari,

Usishangae mwandiko huu. Ni wangu mimi, mke wa kaka yako, yule uliyesema nikishika kalamu utadhani nimeshika mwiko. Huku tuliko kuna darasa la watu wazima, nami nimejua kuandika. Nilitaka barua yangu ya kwanza niwapelekee wazazi wangu Mgori, salamu tu na habari za mavuno. Imekuwa hii. Sina mwingine wa kumwambia, wifi, na nikikaa nayo kifuani nitapasuka.

Tulihamishwa. Mwaka jana baada ya mavuno ilikuja Operesheni, ikasemwa watu wote wakae pamoja kijijini, shule iwe karibu, zahanati iwe karibu, na maji. Mimi sibishi. Bomba lipo kweli, na Eliza wako yuko darasa la kwanza. Lakini tulihamishwa kwa siku moja! Lori linaunguruma, mgambo anapiga kelele, kaka yako yuko juu ya tembe anang'oa miti ya paa tuje kujengea. Sisi tuliozaliwa katikati ya mawe tukaja kumwagwa mbugani, udongo mweusi mtupu, huoni jiwe hata la kumfukuzia kunguru.

Sasa ni kipupwe. Unaujua upepo wetu, ule unaoingia mpaka kwenye meno. Mtama umeshaingia ghalani, shamba halina kazi, na mikono yangu ikaanza kukutafuta. Kila kipupwe wewe na mimi tulichukua ule ungo mbovu, tukakaa juani nyuma ya ukuta, tukajenga mji wetu mzima ndani yake. Tembe ya udongo, ng'ombe wa udongo wenye pembe za miiba ya mgunga, mbuzi wa mbegu za ubuyu, watu wa magunzi. Mama mkwe akipita anasonya: "Wanawake wazima mnacheza vibanda!" Nawe ulikuwa mkali kuliko fundi wa kanisa. Siku ile uliwashika ng'ombe wangu, ukawageuza geuza, ukaniuliza, "Wifi, hawa ni ng'ombe au viazi?" Nilinuna siku mbili. Na lile sharti lako, ambalo hukulilegeza hata siku moja: kila kitu kitoke mahali pake. Ukuta ujengwe kwa udongo uliobanduka kwenye ukuta wenyewe, ua kwa miiba ya ua ule ule. Nilikuona una wazimu kidogo, Mungu anisamehe.

Safari hii Eliza ndiye aliyeanza. Alitoka shuleni akaniuliza, "Mama, yule mama aliyenizaa amelala wapi?" Ulimwacha hajaota hata jino, sura yako haijui. Nikamwambia ngoja, nitakutengenezea uone. Udongo wa ukuta niliupata umeganda kwenye miti ya tembe tuliyokuja nayo. Miiba ya ua nilikuwa nimeizungushia kuku. Nikajenga zizi, kihenge, jiko, njia ya kisimani, na mtoto amekaa ubavuni mwangu hapepesi macho. Likabaki kaburi lako, nyuma ya jiko.

Kaburi linataka jiwe la kaburini. Msalaba wa mti mchwa waliumaliza msimu ule ule, lakini mimi na mama mkwe tulikuwa tumekuwekea upande wa kichwa mawe matatu yenye mshipa mweupe, tuliyoyabeba wenyewe kutoka mlimani. Basi nikaaga naenda kutafuta kuni. Nilitembea tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, nikijificha vichakani, maana mgambo akikukuta unarudi kule anakuhesabu mtoro. Nilitaka kipande kimoja tu, wifi, cha kumega pembeni, ukubwa wa punje ya mahindi.

Sikukuona. Hakuna jiko, hakuna ukuta, hakuna ua. Trekta limelima kote, sasa ni shamba la pamoja. Nilihesabu hatua kutoka kisimani, nikakosea, nikarudi nikahesabu tena. Nikapiga magoti nikawa nachakura kama kuku. Nilikuita. Mtu mzima mimi, peke yangu shambani, nakuita jina lako kwa sauti, na upepo unanijaza vumbi kinywani. Nilirudi na kuni tano, sita hivi, ili nisiulizwe.

Jioni ile ile nikabandika uji. Ukafurika, ukateremka juu ya figa, masizi yakatoka. Nikaona mshipa mweupe. Nikaipua chungu, nikafuta figa la pili kwa kanga yangu, nikafuta la tatu. Yote matatu, Damari! Mawe yako!

Ni mimi. Siku ya lori nilimpigia kaka yako kelele abebe yale mafiga makubwa ya kupikia pombe, mbugani tutapikia nini. Akauliza yako wapi. Nikasema nyuma ya jiko, maana nayo yalikaa huko huko, upande wa pili wako. Na yeye wakati tunakuzika alikuwa Tanga kwenye mkonge. Aliporudi hakutaka kwenda kuona wala kuambiwa ni wapi, na nyuma ya jiko si pa wanaume, nasi tukamwacha, tukasema atakwenda siku moyo wake ukitulia. Basi alikwenda siku ile, na mgambo mgongoni kwake, akakuta mawe matatu, akabeba. Yalipakuliwa jua limeshazama, yamejaa udongo. Nikayapikia papo hapo, yakawa meusi. Mwaka mzima, wifi, nimepikia mawe ya kichwani kwako.

Sijamwambia. Nimwambieje? Baridi hii anakaa motoni, anaweka nyayo zake juu ya figa zipate joto, na mimi nataka kupiga yowe. Juzi nilijaribu kupikia vipande vya kichuguu. Kikapasuka kimoja, chungu kikalala, ugali wa siku nzima ukaenda na majivu. Eliza alilala na maji tu. Asubuhi nikayarudisha mawe yako mahali pale pale, nikawasha moto, naye akala. Ningefanya nini? Niambie wewe. Mtoto wako anakula kwa mawe yaliyokuwa yakionyesha ulipo, na kwa sababu anakula kwayo hatajua kamwe ulipo.

Kila akirudi shuleni anakwenda kwenye ungo. Anaweka kidole nyuma ya jiko, pale nilipopaacha wazi, ananitazama. Ningeweza kuokota changarawe yoyote pale bombani nikaweka, asingejua. Mara mbili nimeishika mkononi. Sikuweza, ungenicheka, au usingenicheka, na hiyo ndiyo mbaya zaidi. Namwambia bado. Nimechoka kusema bado. Nimechoka, wifi yangu.

Sasa naishiwa karatasi. Lala, popote walipokulimia. Trekta likipita juu yako usidhani ni sisi tumekusahau.

Nakuahidi hili. Jumapili, tukitoka kanisani, nitamwambia kaka yako kila kitu, anipige, anifukuze, alie, atakavyo. Kisha nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kuomba ruhusa mchana kweupe, na akininyima nitakwenda bila ruhusa. Nitabeba haya mawe kichwani, hata kama ni safari tatu, na kila nikirudi nitabeba jingine la kupikia kutoka mlimani. Eliza atatangulia mbele, hakuna atakayemwonyesha mahali, wala mimi sitamwongoza. Pale atakaposimama aseme, "Mama, hapa miguu imechoka," nitayatua. Hapo patakuwa kwako, na atakayekuja kulima apite pembeni.

Mimi wifi yako,
Naomi