Diploma Niliyoikalia

Jumatano, mtaa wa Yoba, Gitega. Mawingu yamelala juu ya mji tangu asubuhi na mvua haishuki. Upande wa Giheta ilisikika milio ya risasi, kisha kukawa kimya. Kimya ndicho kinachonitisha zaidi.

Miguu imevimba, viatu havinitoshi tena. Moyo unachoka. Zaina angekuwapo angenibonyeza kifundoni kwa kidole, atazame shimo linavyokawia kujaa.

Mwanangu huyu ni muuguzi wa chumba cha dharura hapa Gitega. Sasa yuko Muyinga kwa shangazi yake, anasubiri kuvuka mpaka. Hospitali moja ya Tanzania imempa kazi, kwa sharti kwamba wakaguzi wa kule waione diploma yake yenyewe, si nakala, ikiwa na muhuri wa serikali yetu, kabla ya Ijumaa. Bila hiyo, ng'ambo atahesabiwa mtu asiyesomea lolote.

Hakuondoka nayo, na hapa kila mtu anajua kwa nini. Wanaosimamisha magari njiani hupekua mizigo. Wakimgundua muuguzi humshusha, akawatibu majeruhi wao porini. Mkunga jirani yetu alishushwa hivyo. Mumewe bado anamwekea chakula.

Kwa hiyo wauguzi husafiri kama wachuuzi, na vyeti vyao hufuata na wafanyabiashara. Zaina alipanda gari na kapu la ndagala, dagaa wakavu, kichwani. Diploma nilibaki nayo mimi niitafutie muhuri, kisha ingefuata na Sadi, muuza vitenge, ikiwa imekunjwa ndani ya jora.

Sadi alikuja wiki iliyopita. Nikamwambia muhuri haujatoka. Juzi alfajiri akapita tena, akielekea Muyinga.

"Muzee, iyi muhuri wanaichonga kwa mti gani? Nikifika tena mikono mitupu, Zaina atanikula mzima mi!"

Nikacheka naye.

Muhuri ulikuwa umeshagongwa. Diploma ilikuwa chini ya godoro nililokalia.

Naandika wazi kwa kuwa sina tena muda wa kujipamba. Nilijiambia kwamba namkinga mtoto na ugeni, na watu wasiomjua. Si kweli. Nilitaka Ijumaa ipite, kazi impotee, arudi anishike mkono nikikata roho. Nilimsomesha mwenyewe, kisha nikaikalia elimu yake kama kuku anavyokalia mayai.

Leo adhuhuri Sadi amerudi kutoka Muyinga. Hakuketi.

"Zaina anakusalimia. Amesema usijisumbue tena na mabiro ya serikali, Muzee. Leo mchana anapanda gari, anakuja kuichukua mwenyewe."

Mwenyewe. Aje kwa barabara ile, kisha arudi nayo mwilini. Ndilo jambo ambalo sote tulilikwepa, na mimi ndiye niliyemsukuma humo.

Nikainua godoro mbele ya mgeni, bila aibu iliyobaki. Sadi akaipokea diploma, akasoma tarehe iliyo kwenye muhuri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakunitania.

"Ukimkuta bado yuko Muyinga," nikasema, "mwambie ni mimi niliyeizuia."

"Hiyo utamuambia mwenyewe, Muzee."

Ameondoka na msafara wa mchana, diploma ndani ya jora. Magari yanayotoka Muyinga nayo hupita Karuzi, katikati ya njia, saa hizo hizo. Hayasimami yanapopishana, madereva wanaogopa. Hata kama Zaina yumo, Sadi hatamwona.

Zaina hakusafiri na simu, na shangazi yake hana. Nami sina miguu ya kunifikisha hata kituoni.

Giza linakaribia na hakuna gari lililoingia. Wanawake wanaopita nje wanasema barabara imefungwa. Wapi, hawajui.

Wiki nzima nilimwomba Mungu amrudishe Zaina kwangu. Jioni hii namwomba awe amelikosa gari.