Kipele cha Kinyozi

Chumba cha nyuma, dukani kwangu pa kinyozi,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa dada yangu mdogo,

Pokea salamu nyingi kuliko nywele nilizofagia wiki hii. U mzima? Shemeji na wapwa zangu hawajambo? Kifua chako kimetulia? Sisi huku tunapumua, tunashukuru.

Dada, niliumwa na sikukuambia.

Kilikuwa kipele juu ya mdomo, kigumu kama punje ya mchele, wala hakiumi. Kinyozi akiota kipele atasingizia nini kama si wembe? Nikakipaka spiriti, nikaendelea na kazi. Baadaye mahali pale pakafa ganzi. Siku moja nilinyoa watu asubuhi nzima yai limenikaukia juu ya mdomo, nisihisi. Walicheka. Nami nilicheka, huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Hospitalini walikwangua nyama ya juujuu, majibu yakasema si kitu. Wifi yako akawaka: "Hicho si kitu ndicho kinachokufanya usisikie hata chai ya moto?" Akanikokota kwa daktari mwingine, bingwa wa ngozi. Huyo alichimba nyama ya ndani kabisa.

"Ni saratani ya tezi za jasho," akasema. "Ni adimu sana. Haina haraka, ila hutambaa chini kwa chini ikifuata mishipa ya fahamu."

Nimekula kwa jasho langu miaka yote, kumbe nalo lina visa vyake.

Siku ya upasuaji alikata tabaka jembamba, akaenda kulitazama kwa hadubini, mimi nimeketi na bandeji. Akarudi: "Bado ipo." Akakata tena. Tuliendelea hivyo mpaka alasiri, akasema kingo za kidonda ni safi, saratani haimo tena. Kisha akavuta ngozi ya shavu, akaziba shimo.

Nimepona, ingawa nitachunguzwa kwa miaka. Lakini mdomo umeenda upande, kama mtu anayemdharau kila amwonaye. Mimi, niliyekuwa nikiwapendezesha watu nyuso! Navaa barakoa kutwa. Mezani nawapa wanangu mgongo. Nikikumbuka wale niliowaona wodini, waliopoteza jicho au pua, naona aibu hata ya hii aibu yangu.

Juzi mwalimu mstaafu, yule mwenye upara, aliniuliza naficha nini. Nikaishusha barakoa. Akanitazama, akaketi kitini.

"Mimi sina unywele kichwani na kwa kinyozi naja," akasema. "Haya, ninyoe ndevu."

Nilimnyoa barakoa ikining'inia shingoni. Alipotoka tu, niliivaa tena.

Ukinipigia simu ya video nasingizia mtandao. Mtandao u mzima, dada. Niliyekatika ni mimi. Leo jioni nitapiga mwenyewe. Usinipe pole haraka. Nitazame kwanza, ushibe. Ukilia, nitakusubiri.

Wifi yako anakusalimu, na shangazi pia. Mungu awafunike kwa rehema zake.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata nilipojificha.