Kusuka Bila Kuangalia

Mwingi

Mwaitu,

Hujambo, mama, huko Kilungu? Mguu umepungua kuvimba, ama bado unapanda mlima na mtungi ukijifanya msichana? Na maparachichi, wanunuzi wamefika ama wanawazungusha tu? Mimi nipo. Nimechoka, lakini nipo.

Usishangae nimeandika badala ya kupiga simu. Ukisikia sauti yangu utaanza kulia, Ndinda atakunyang'anya simu, na haya nataka uyajue wewe kwanza kabla ya huyo mdogo wangu. Mwandiko ni wangu, kwa hiyo unaona mkono wa kulia ni mzima. Wa kushoto ndio uliumia.

Kazi yangu hapa unaijua, kudarizi nembo za shule kwenye sweta. Mashine ina sindano zimepangana kama meno ya kitana, na inajiendesha yenyewe. Mimi nabadilisha fremu na kurudisha uzi ukikatika. Ilinunuliwa ikiwa mtumba, bila kile kifuniko cha kuzuia mkono usifike kwenye sindano. Siku hiyo sweta zilikuwa zimerundikana mpaka mlangoni. Uzi ukakatika, nikaupitisha tena, nikabonyeza kitufe cha kuanza kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa bado unafuata uzi. Si unajua tunavyosuka kiondo: macho yako kwa mtu unayeongea naye, kidole ndicho kinatafuta uzi unaofuata. Sindano ilipita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili. Kitufe chekundu cha kuzimia kilikuwa nyuma ya mashine, sikifikii. Nilipiga nduru mpaka Mama Halima, mwenye duka, akatoka mbio kwenye kaunta akazima umeme ukutani.

Alinipeleka hospitali yeye mwenyewe, wakatoa kipande cha sindano kilichobaki ndani. Si mtu mbaya.

Niliporudi kazini nilichukua mfuniko wa mkebe wa keki, ile plastiki inayoonyesha ndani, nikaukata, nikaufunga kwa skrubu mbele ya sindano. Fundi wa umeme akanisogezea kitufe chekundu mbele, karibu na goti. Mama Halima alipoona, hakufurahi.

"Sasa hii kitu ni ya nini? Uzi ikikatika unafungua, unafunga. Tutamaliza saa ngapi?"

"Mama Halima, ni kidole yangu ilitobolewa."

"Si nilikuambia uchunge? Mimi niko na hii mashine siku mingi, haijawahi niuma."

"Itakuuma aje na wewe unakaa kaunta?"

Alirudi kwenye kaunta yake. Plastiki imebaki. Lakini sasa ameleta mashine ya pili, ile ya Ndinda akija kufanya kazi hapa nami, na hiyo pia haina kifuniko. Nilipomwambia tuiwekee, alicheka. "Huyo hatahitaji. Mama yako aliniambia kwa simu anasuka bila hata kuangalia."

Mwaitu, najua ulikuwa unamsifu, na ni kweli. Kwetu hiyo ni sifa. Hapa ndiyo inayotoboa mtu, na mkono wa Ndinda ni mwepesi kuliko wangu. Nimekasirika mpaka nimechoka kukasirika. Tafadhali, asipande gari mpaka nikupigie kwamba mashine yake imefunikwa na kitufe kiko mbele. Akinuna, anune. Akisema namwonea wivu, msomee hii barua yote.

Msalimie susu, mwambie nyanya yangu huyo shali yake nitaidarizi jina mimi mwenyewe. Msalimie mjomba Musyoka wa duka la mbegu pale Tawa, na akina mama wa kwaya, waniombee.

Kile kiondo nilichokuja nacho kikiwa kimesukwa nusu, nilikitoa Jumapili baada ya kanisa. Kidole hakiumi tena, ila hakisikii uzi. Nilisuka mistari miwili nimeinamisha kichwa, nikiangalia kila uzi kama mtoto anayeanza.

Ni mimi binti yako,
Kalunde