Antena Isipite Bendera, Jinja 1999

Adero, umetuua! Umetuua kabisa!

Fundi Nyongesa alitaka kufunga antena ya mtandao usio na waya mita nane juu, ipite paa la jiko la kambi. Afande Ojok akakataa: "Hapa hakuna kitu kinapita bendera!"

Basi Nyongesa, kichwa kigumu, akarefusha mlingoti wa bendera. Mlingoti! Akasahau kurefusha kamba.

Leo asubuhi bendera ikakwama nusu mlingoti. Nusu! Akina mama wa Masese wakajaa getini wakilia, "Nani amekufa?" Askari wa zamu akabahatisha, akawapigia simu nyinyi wa kambi ya Mbale: aliyekufa ni Afande.

Mtandao ukashika. Afande, mzima wa afya, akaketi kusoma barua pepe ya kwanza.

Yako! "Poleni kwa kumpoteza Ojok. Lakini sasa mtapumua."

Ananiuliza Adero ni nani. Nimemwambia simjui.